Chumba cha Giza na Sababu Yake

Mtu aliyefanya biashara miaka thelathini hujua bei ya kila kitu, na asichokijua hukibahatisha kwa uso mkavu. Tulia alikuwa mtu wa namna hiyo. Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa neno lake la kwanza kwa kila aliyekaa kwenye kigoda chake lilikuwa "tulia," na la pili "tulia hapo hapo." Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye leseni ya biashara ukutani, na hakuna aliyepata kulisoma.

Alianza na kamera ya kuazima. Ya kwanza kuwa yake aliipata kwa kubadilishana baiskeli na godoro, akalala kwenye mkeka mwaka mzima, na hadi leo husema aliyechukua godoro ndiye aliyepunjwa. Kutoka hapo akapanda kidogo kidogo: picha za vitambulisho, za pasipoti, za harusi, za watoto wanaolia. Sasa alikuwa na nyumba yake mwenyewe karibu na stendi ya mabasi. Chumba cha mbele, chenye mlango wa barabarani na madirisha mawili makubwa, kilikuwa studio: kigoda, taa mbili za miavuli, na pazia lililochorwa ngazi za jumba la mfalme na maua ambayo hakuna bustani iliyowahi kuyaotesha. Nyuma yake, ukipita ujia mwembamba, kulikuwa na chumba cha giza. Dirisha lilizibwa kwa mbao, mbao zikapakwa rangi nyeusi, na mlangoni likaning'inizwa blanketi zito ili mwanga usipenye. Humo ndani mlikuwa na mashine ya kukuzia picha, mabeseni matatu ya dawa, taa nyekundu, kamba ya kuanikia, na harufu iliyoshika hata mashati yake.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na karakana yake ilikuwa baraza. Mvua ikianza alikimbia na kitambaa begani. Jua likigeuka aliisogeza cherehani kama mtu anayehamisha mbuzi wa kamba. Mwezi ule akapata kazi ya sare za shule, nguo zaidi ya mia tatu. Akatafuta wanawake wawili wa kumsaidia, kila mmoja na cherehani yake, na akanunua ovaloki, ile mashine ya kufungia nyuzi za pindo. Baraza haikutosha hata kwa robo ya hayo.

Jumatatu asubuhi, akiwa anakata kitambaa cha bluu juu ya meza ya kulia, akauliza bila kuinua macho:

"Baba watoto, hicho chumba chako cha nyuma kinakuingizia nini?"

"Giza," akasema Tulia, akitafuta kiatu cha pili.

"Giza ni bure. Jua likizama utaletewa mpaka mlangoni."

Tulia akacheka. Mkewe hakucheka. Mkasi wake uliendelea kutafuna kitambaa, na hapo Tulia akajua kwamba biashara imefunguliwa.

"Pasipoti unazitoa kwa kile kimashine cha mbele," mkewe akasema. "Dakika tatu mteja keshaondoka. Za harusi unazituma mjini, zinarudi zimeshachapwa. Sasa huko nyuma unapika nini?"

"Nasafisha picha."

"Za nani?"

"Za... picha zangu."

"Anazinunua nani?"

"Yule mwalimu mkuu mstaafu alinunua."

"Ngapi?"

"Moja."

"Lini?"

Tulia akainama kufunga kamba za kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

"Sikugombezi," mkewe akasema, na sasa aliinua macho. "Mimi ni mfanyabiashara kama wewe. Nipe sababu moja ya kukiacha kile chumba kama kilivyo. Moja tu, lakini isimame yenyewe, sitaki ya kuegemeza ukutani. Ikisimama, sikigusi. Isiposimama, Jumamosi mwashi anakuja kuzibua dirisha, naingiza cherehani zangu."

"Sababu tu?"

"Sababu tu."

Tulia akatoka ameridhika. Alijiona ameuziwa mali kwa bei ya kutupa. Yeye ndiye aliyewahi kumshawishi mtu aliyekuja kuuliza njia ya kwenda posta akaondoka na picha sita. Alishawauzia watu sababu za kupiga picha siku ambayo hawakuwa na mpango hata wa kuoga. Sababu moja, tena kwa mke wake mwenyewe, ingemshinda?

Mchana, wateja walipopungua, akapita chini ya blanketi, akawasha taa ya kawaida na kuteremsha maboksi, kama mtu anayeingia ghalani kuchagua gunia. Akazitandaza picha mezani. Mikono ya fundi viatu. Mwanamke aliyesinzia kwenye benchi la stendi huku mdomo wazi. Kivuli cha mlango. Wachukuzi watatu, kila mmoja na gunia lake kichwani. Zote nyeusi na nyeupe, zote kwenye karatasi nzito, na nyingi zimerudiwa mara nane, mara kumi, mpaka weusi ukawa weusi anaoutaka yeye na si mwingine.

"Kumbukumbu," akasema kwa sauti. Hilo lilikuwa neno zuri, lina uzito, na wanawake hulipenda. Watu wanapita, picha zinabaki. Akachukua picha moja ya mchukuzi, akaigeuza nyuma asome jina la mtu.

Nyuma kulikuwa na maandishi ya penseli, kwa mkono wake mwenyewe: *Sekunde 22. Shavu la kushoto ziba 6. Kona ya juu ongeza 10. Dawa baridi.*

Jina halikuwepo. Akageuza nyingine. Sekunde 18. Akageuza ya mwanamke wa benchini. Sekunde 31, mdomo uzibwe kidogo, karatasi mpya. Akageuza zote, boksi baada ya boksi, mpaka shingo ikamuuma. Alijua ni sekunde ngapi za mwanga kila uso ulihitaji. Hakujua hata uso mmoja ni wa nani, wala alikuwa akitokea wapi, wala kama bado yu hai. Mtu wa kumbukumbu gani huyo? Hata karani wa mochwari huandika jina.

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akajikuna kidevu. Labda ilikuwa sifa, akawaza. Labda alitaka watu waseme kwamba yeye si mtu wa pasipoti tu. Lakini mwenye kutafuta sifa huweka mali yake dirishani, na yeye dirishani aliweka picha ya rangi ya bwana harusi aliyekodi suti. Hizi alizifungia kwenye maboksi, akayaweka maboksi juu ya kabati, akatundika blanketi mlangoni.

Jumanne akaenda kwa mwalimu mkuu mstaafu. Mteja hafichi sababu, aliwaza; nikijua yeye alinunua nini, nitajua mimi ninauza nini. Mwalimu alimpokea vizuri, akamketisha sebuleni. Picha ilikuwepo pale pale ukutani, kubwa, ya mikono ya fundi viatu.

"Mwalimu, nina swali dogo. Ile picha uliipendea nini?"

"Ah, ile! Ile picha imenisaidia sana."

Tulia akasogea ukingoni mwa kiti. "Kivipi, mwalimu?"

Mwalimu akainuka, akaishika kwa mikono miwili, akaiondoa msumarini. Nyuma yake palikuwa na ufa mrefu ukutani, umeanzia juu ukateremka kama mto kwenye ramani.

"Nilizunguka maduka yote," mwalimu akasema. "Picha zao zote ndogo. Ya kwako peke yake ilienea. Ila sasa ufa umeanza kuchungulia huku chini, unaona? Una kubwa kidogo kuliko hii?"

Tulia akamwambia ataangalia.

Jumatano akaingia studio mwanamke wa makamo, amevaa sare ya ukarani wa mabasi, anataka pasipoti. Tulia akamkalisha. "Tulia. Tulia hapo hapo." Akiwa anasubiri kimashine kiteme picha zake, mwanamke akamtazama kwa makini.

"Mzee, samahani. Si wewe uliyekuwa unapigapiga picha pale stendi asubuhi? Zamani?"

"Ndiye mimi, binti yangu."

"Baba yangu alikuwa mchukuzi pale. Tumemzika mwaka jana. Nyumbani hatuna picha yake hata moja, ila ile ndogo ya kitambulisho."

Tulia alisahau hata kukata picha zake za pasipoti. Alikimbia nyuma, akarudi na boksi zima, akalimwaga juu ya meza. Hii hapa sababu imekuja yenyewe kwa miguu yake miwili! Karani wa mabasi akazipitia moja moja kwa ncha za vidole. Kwenye picha ya nne akasimama.

"Huyu."

Alikuwa yule wa sekunde ishirini na mbili: mtu mwembamba, gunia limemlalia kichwani na mabegani, mishipa ya shingo imetuna kama kamba, na macho yanatazama mbele, hayamtazami mpiga picha.

"Hii imekunjika kona," Tulia akasema. "Njoo Ijumaa. Nitakusafishia nyingine, ya kukaa miaka mia. Na usiniulize bei."

Waliomjua wangeshangaa kumsikia mtu yule akisema maneno yale.

Alhamisi alifunga studio mchana kutwa. Akachanganya dawa mpya. Akaifuta negativu kwa brashi laini, akaiingiza kwenye mashine ya kukuzia, akashusha kichwa cha mashine mpaka mchukuzi akatokea mezani kwa mwanga, weusi wake ukiwa weupe na weupe wake ukiwa weusi. Akakata kipande chembamba cha karatasi kwa majaribio: sekunde tano, kumi, kumi na tano, ishirini. Akakitia kwenye dawa, akakitazama. Kisha karatasi nzima. Akawasha mwanga huku akihesabu mdomoni, na mkono wake ukaingia chini ya taa, ukiwa na kidude cha kadibodi kwenye ncha ya waya, ukizunguka juu ya shavu la yule mtu bila kutulia, ili shavu lisiungue likawa jeusi. Mkono ule haukumuuliza chochote. Ulijua pa kwenda.

Ya kwanza ilitoka nzito. Ya pili gunia lilikosa nyuzi. Ya tatu ilikuwa nzuri kwa mtu mwingine yeyote, lakini kona ya juu ilikuwa na weupe uliovuta jicho. Ya nne akaiongezea sekunde kumi kwenye kona. Alipoizamisha kwenye beseni na kulitikisa polepole, kwanza ikaja mishipa, halafu gunia, halafu macho, kutoka kwenye karatasi tupu, kama mtu anayeamka. Alishaliona jambo hilo mara elfu. Alijikuta amezuia pumzi tena kama mjinga.

"Kwa nini?" akajiuliza kwa sauti, kwa kuwa alikuwa kazini na huo ulikuwa wakati wa kuikamata sababu ikiwa bado mbichi. "Haya, sasa hivi. Unafurahia nini?"

Pale pale furaha ikaondoka, naye akabaki ameshika kibanio, anatazama karatasi iliyolowa. Alijisikia kama mtu aliyejiuliza anameza vipi, halafu mate yakamkwama kooni.

Ijumaa saa nne karani akaja. Tulia alikuwa ameikausha picha, ameinyoosha chini ya vitabu, ameiweka juu ya kitambaa safi alichokiiba kwenye vipande vya mkewe. Akaifunua.

Mwanamke akaitazama kwa muda mrefu. Tulia akangoja machozi. Alikuwa amejiandaa kwa machozi. Kuna kiti alikuwa amekisogeza.

"Ni kazi nzuri, mzee," akasema mwisho, kwa sauti ya mtu anayerudisha nguo dukani. "Lakini sitaichukua."

"Si yeye?"

"Ni yeye. Ila sisi hatukuwahi kumwona hivi. Baba alikuwa akimaliza kazi, anapita kwenye bomba la stendi, anaosha shingo, anavaa shati lake jeupe, anafunga vifungo mpaka juu. Ndipo anakuja nyumbani. Mpaka nafika darasa la sita nilikuwa nadhani anafanya kazi ofisini. Gunia alituficha maisha yake yote. Leo mimi nikalitundike sebuleni?"

Tulia akairudisha picha upande wake wa meza.

"Nina hii," mwanamke akasema, akatoa kwenye pochi kitambulisho cha zamani chenye kipicha kidogo kuliko stempu. Shati jeupe, vifungo mpaka juu, macho yametolewa kama ya mtu aliyeambiwa atulie. "Unaweza kuikuza?"

Aliweza. Aliiweka kwenye kimashine cha mbele, akabonyeza, ikatoka kubwa kama ukurasa wa daftari, ina chengachenga, imepauka, pua haina ncha. Mwanamke akaipokea, na hapo ndipo machozi yalipokuja. Hata kiti hakukitaka. Alilia akiwa wima, akashukuru mara tatu, akaenda zake.

Tulia akabaki na mchukuzi wake. Alipokuwa akiikuza ile ya kitambulisho alikuwa ameona, pembeni yake, mhuri wa studio yake mwenyewe. Kumbe na ile aliipiga yeye, siku moja ambayo hakuikumbuka, kwa dakika moja, akiwaza chakula. Ile iliyopigwa bila fikra imekwenda nyumbani kukaa sebuleni. Hii iliyomla siku nzima imerudishwa. Kwa hesabu yoyote ya sokoni, bidhaa iliyokataliwa na mtu pekee duniani mwenye haja nayo ni takataka.

Akaitazama tena. Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomvuruga. Haikupungua hata kidogo.

Jumamosi, hata chai haijapoa, mwashi alikuwa barazani na nyundo na tindo kwenye mfuko wa saruji, ameketi kwenye tofali, amepewa kikombe. Mke wa Tulia alisimama mlangoni na mkasi shingoni.

"Haya, baba watoto. Tuambie."

Tulia alikuwa na uongo tayari. Aliupanga usiku kucha kitandani: urithi wa watoto, mali inayopanda thamani, wageni wa mbali watakaokuja kununua siku moja. Ulikuwa uongo mzuri, umepigwa pasi. Aliuleta mpaka kwenye meno. Akamtazama mkewe, mtu aliyemwona akiuza mamia ya uongo kama huo na kumpakulia chakula baada ya kila mmoja.

"Sina," akasema.

"Huna?"

"Nimetafuta wiki nzima. Niliyodhani ni sababu, nikiigusa inaanguka. Sina."

Mkewe akamgeukia mwashi. Mwashi akaweka kikombe chini.

"Lakini chumba sikitoi," Tulia akaongeza.

"Ehe?"

"Sikitoi."

"Huna sababu, na hutoi."

"Sina, na sitoi."

Mwashi akakichukua kikombe chake tena. Mambo ya wenyewe.

"Hiyo si biashara, baba watoto," mkewe akasema taratibu.

"Najua si biashara! Unadhani sijui? Mimi mwenyewe ningekuwa ndiye muuzaji ningejicheka."

Mkewe akavua mkasi shingoni, akaushika mkononi. "Mteja akija na sababu kumi za kutaka kitambaa, huyo hanunui, anapoteza muda wangu," akasema. "Yule anayekishika tu akakaa kimya, huyo hata nikipandisha bei haondoki. Sawa. Basi nipe cha mbele."

"Cha mbele?"

"Studio. Lile pazia lako la ngazi, mtu wa mwisho kusimama mbele yake alikuwa nani? Pasipoti zinataka ukuta mweupe na kigoda, na hivyo vinaenea kwenye ujia. Cha nyuma kaa nacho, ukafie humo na dawa zako."

"Chukua!" akasema Tulia, na lile neno lilitoka kabla hajalipima.

Mwashi akamimina chai iliyobaki kooni, akainuka. Hakuuliza studio ni mlango upi. Akaingia moja kwa moja, akatoa penseli sikioni na kikaratasi mfukoni, akaanza kuweka alama ukutani: hapa rafu, hapa swichi, hapa meza ya kukatia. Tulia alichungulia bega lake. Kikaratasi kilikuwa na vipimo vya chumba cha mbele, urefu kwa upana, mpaka upana wa dirisha.

"Hivi vipimo umepewa lini?"

"Jumapili, mzee. Wiki iliyopita," mwashi akasema, bila ubaya wowote.

Jumapili. Siku moja kabla ya kitambaa cha bluu na swali lile.

Tulia alirudi barazani polepole. Mkewe alikuwa amekaa, anatunga uzi kwenye sindano, jicho moja amelifumba. Mwanamke wa cherehani anataka nini na chumba cha nyuma kisicho na mlango wa barabarani, kinachonuka dawa? Hata mwendawazimu angechagua cha mbele. Na mchezo wenyewe ni yeye Tulia aliyemfundisha, miaka ile walipokuwa wakinunua kiwanja: omba kile ambacho mtu hatakitoa, ili akupe unachokitaka huku akishukuru.

"Ulikuwa unataka cha mbele tangu mwanzo," akasema.

"Jumatatu ningekuomba cha mbele, ungejibu nini?"

Tulia akafikiri. "Ningekataa."

"Basi."

"Kwa hiyo ile sababu ulikuwa huitaki. Umenisumbua wiki nzima bure, nimekwenda hadi kwa mwalimu nikaonyeshwa ufa!"

Sindano ikapita. Mkewe akaivuta, akakata uzi kwa meno.

"Ningeipata ningeichukua," akasema. "Nilikuwa nataka kuijua kweli. Mashati yako yenye ile harufu nayafua mimi."

Tulia akasimama pale hajui akasirike au amshukuru. Alikuwa amepoteza chumba kinachomlisha na kubaki na kisichomlisha, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya godoro hakuweza kusema nani kapunjwa.

Wiki iliyofuata pazia la ngazi likakunjwa, pasipoti zikahamia kwenye ujia, na wateja wakakaa kwenye kigoda huku magoti yakigusa ukuta wa pili. Hawakulalamika, ofisi ya vitambulisho haiulizi magoti. Upande wa mbele cherehani tatu zilikimbia kutwa na ovaloki ikanguruma katikati yao.

Na chumba cha giza kikaharibika. Picha zilianza kutoka na ukungu. Si ukungu wa dawa wala wa karatasi kuukuu. Kila mstari ulikuwa na pacha wake, kama anavyoona mlevi. Tulia akabadilisha taa. Akaifuta lenzi. Akanunua karatasi nyingine. Akaanza kuyashuku macho yake, akavaa miwani ya mkewe, akaiona picha yenye ukungu vizuri zaidi. Siku mbili zilikatika hivyo, na karatasi zikajaa kwenye ndoo ya taka. Siku ya tatu, akiwa ameinama juu ya beseni bila matumaini, akaona dawa iliyotulia inafanya viduara vidogo vidogo, vinatoka katikati kwenda pembeni, vinatoka katikati kwenda pembeni. Akaweka kiganja kwenye meza. Meza ilikuwa inatetemeka. Akaweka kiganja ukutani, ukuta unaopakana na studio.

Akatoa kichwa nje ya blanketi.

"Mama watoto! Simamisha mashine!"

"Kuna nini?"

"Nyumba inatikisika, picha zinatoka pacha! Simamisha kidogo!"

"Kidogo ndiyo ngapi?"

"Sekunde ishirini na mbili."

"Nakupa kumi na tano. Nina mikono ya mashati sitini hapa."

"Picha haina kumi na tano!"

"Ishirini, baba watoto, na hapo nimejipunja mwenyewe."

"Ishirini na mbili! Hii si bei ya nyanya!"

Wale wanawake wawili wakacheka mpaka mmoja akaanza kukohoa. Kisha ovaloki ikazimika, na cherehani moja, na ya pili, na ya tatu, na nyumba nzima ikawa kimya kiasi kwamba Tulia alisikia mate yake. Akarudi gizani, akaweka karatasi, akawasha mwanga. Kutoka upande wa pili wa ukuta ikaanza sauti ya mkewe, kavu, ya mtu asiyetaka kuibiwa: "Moja. Mbili. Tatu." Wale wengine wakajiunga. Mkono wa Tulia ukaingia chini ya taa na kidude chake cha kadibodi, ukazunguka, naye hakuhitaji kuhesabu. Walipofika ishirini na mbili alizima, na akangoja kelele zirudi. Hazikurudi.

"Ni picha ya nani?" mkewe akauliza ukutani.

Tulia akaizamisha karatasi kwenye beseni. Dawa ilikuwa shwari kama kioo.

"Si ya mtu. Ni ufagio."

"Ufagio upi?"

"Wa kwetu. Ule ulio nyuma ya mlango wa jikoni."

Akasikia mmoja wa wanawake akinong'ona, "Ufagio?"

"Ule ufagio ninaofagilia kila siku?" mkewe akasema.

"Huo huo."

"Umezuia mashine zangu kwa ajili ya ufagio."

"Ndiyo."

Akasubiri kejeli. Kwenye beseni njiti zilikuwa zimeanza kuja, moja moja, nyembamba, na nyuma yake mwanga wa ukutani wa saa nne asubuhi, nao ulikuja polepole kuliko yote. Hapakuwa na pacha.

"Lete nione," mkewe akasema.

"Bado mbichi. Nikiitoa sasa hivi mwanga utaila."

"Basi ikiiva lete. Mashine nimezisimamisha, unanichelewesha."

Tulia akaihamishia kwenye beseni la pili, kisha la tatu. Ilitakiwa dakika tano humo. Akasimama juu yake na kibanio mkononi, akijaribu kupanga atamjibu nini akiuliza kwa nini ufagio, na dakika ya nne ikafika bado hana.